Kona Iliyokunywa Peke Yake

Nyinyi mnaoshika mwiko wa uashi siku hizi huniuliza kwa nini, nikiingia nyumba ya mtu hapa Kitengela, nafungua na kufunga milango kabla sijaketi. Wengine mnacheka mkidhani ni uzee. Inawezekana ni uzee. Lakini iko na sababu, na nitawaeleza mkikumbuka kwamba shule yangu iliishia darasa la saba na kwamba nimekosea mara nyingi. Ninapojua nitasema najua. Ninapodhani nitasema nadhani.

Ninalojua ni kwamba udongo wetu mweusi, huu wa bulaki kotoni, haukai. Ukinywa maji unavimba. Ukikauka unasinyaa, unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia hadi kwapani. Mvua ikirudi, nyufa zinafumba kama mdomo, na ukipita hapo juu huwezi kuamini zilikuwepo. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuchimbwa vizuri hupanda na kushuka na majira, polepole, na mwenye nyumba hajui. Anajua siku ile ukuta unapolia "ko!" saa za mchana, jua kali, hakuna upepo, hakuna aliyeugusa.

Sauti hiyo sijaizoea mpaka leo.

Aliyenifunza udongo ni Parsaloi, mchimba msingi kutoka Bisil. Tulikuwa karibu rika moja, ila yeye alinitangulia kwa kazi. Mimi nilikuwa nimetoka Makueni, nimezoea mchanga mwekundu, nikidhani udongo ni udongo. Siku ya kwanza aliniita kwenye ufa mmoja nje ya ploti, akaokota kijiwe.

"Sikiza," akasema, akakiachilia.

Tak. Tak. Tak. Halafu kimya.

"Kimefika wapi?" nikamuuliza.

"Mimi nitajuaje? Mimi nachunga ng'ombe huku juu. Huko chini kuna wenyewe."

Akacheka mpaka akashika magoti. Mimi sikucheka. Jioni hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikiangalia chini njia nzima.

Alikuwa mtu wa mzaha lakini kwa kazi hakuwa na mzaha. Alisema chimba huo mweusi wote mpaka ufike kwa mwamba ama kwa maramu ngumu, ile ya changarawe, na usiache hata kidogo kwenye kona ukisema nani ataona. Ulichotoa kipeleke mbali, usikirudishe kujazia. Akitaka kuujua udongo, alikuwa anaulowesha kidogo na kuusokota kwa viganja uwe kamba. Ikikatika mapema, hiyo ina mchanga. Ikitoka ndefu na nyembamba kama ya kufungia kiatu, hapo ongeza bei ama ukimbie. Na kipimo chake kingine kilikuwa hiki: "Siku ya mvua, ukiona kiatu chako kimeota kiatu kingine cha tope, usijenge hapo kabla hujachimba."

Kulikuwa pia na seremala mmoja, simtaji maana alikuwa mtu mzuri, ambaye kila msimu wa mvua aliitwa nyumba moja kurekebisha mlango uliokataa kufunga. Kila mara alitoa randa, akapunguza. Kiangazi kilipokuja, fremu ikarudi mahali pake, na kuku wakawa wanaingia sebuleni kwa chini bila kuinama. Mwenye nyumba akamwambia, "Fundi, nilikuita kwa mlango, umenitengenezea pazia." Kwa haki, seremala alifanya alichoombwa. Hakuna aliyemwambia aulize ardhi inafanya nini.

Sasa nije kwa nyumba ya Mama Mutheu.

Ilikuwa ule ukame mkali, mvua zikikataa moja baada ya nyingine, ng'ombe wakianguka kando ya barabara ya Namanga. Nilikuwa nimeshaweka vyombo vya kazi chini, nimestaafu. Mutua, kijana wake Mama Mutheu, akanipigia simu, akanichukua kwa gari tukaenda hadi kwenye ploti yao, upande ule unaotazama mbuga. Njiani hakuzunguka.

"Mzee, nataka uniambie jambo moja tu. Hiyo nyumba inakalika ama haikaliki? Kama haikaliki, mum anaenda kukaa na dada yangu Machakos, na ploti inauzwa. Mnunuzi yuko."

"Na baba yako?" nikamuuliza, maana nilijua Mzee Muinde alizikwa pale pale nyuma ya nyumba. Ukoo ulitaka azikwe kwao Ukambani, lakini mwenyewe alikuwa amesema hiyo ploti aliinunua kwa jasho na hatatoka.

Mutua aliangalia barabara. "Mnunuzi amesema hawezi kukaa na kaburi. Litahamishwa."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Neno langu moja, na mama angetolewa kwa nyumba na baba angetolewa kwa ardhi.

Mama Mutheu tulimkuta kwenye veranda akichambua maharagwe.

"Karibu, Baba Ndinda. Wamekuleta kunihukumu?"

"Wamenileta kuangalia ukuta, Mama Mutheu."

"Angalia. Mimi na huo ukuta hatuna kesi. Watoto ndio wanaogopa."

Nikaingia. Ndani mlikuwa kimya, ule ukimya wa mchana wa jua ambapo hata nzi wamelala. Chumba cha kulala kiko kona ya nyuma. Kutoka pembe ya juu ya mlango wake ufa ulikuwa umepanda hadi kwenye dari, mwembamba chini, mpana juu, kidole kinaingia. Nikasukuma mlango. Haukwenda. Nikaweka bega, ukafunguka ukilia kama mtu anayevutwa mkono.

Hapo nilirudi nyuma hatua moja, na niwaambie kwa nini. Milango ya Kitengela hukwama msimu wa mvua. Huu ulikuwa umekwama katikati ya ukame, wakati nyumba zote za jirani zilikuwa zimelegea. Nyumba ilikuwa inafanya kinyume.

Halafu nikachungulia dirishani. Kaburi lilikuwa pale pale, hatua chache kutoka ukutani, limefunikwa na bamba la simiti. Upande wa miguu bamba limelala. Upande wa kichwa, ule ulio karibu na nyumba, limeinuka. Lilikaa kama mtu aliyesikia akiitwa, akainua kichwa kwa mto kutazama ndani. Na kati ya kichwa hicho na ukuta kulikuwa na maua mekundu, yamechanua, majani mabichi, wakati kila kitu kingine mpaka mwisho wa macho kilikuwa rangi ya vumbi.

"Umeona," Mama Mutheu akasema nyuma yangu. Sikumsikia akija.

Akanieleza bila haraka. Mchungaji wao alikuja kuombea nyumba, akamshauri aende kwa binti yake Mutheu akafunge na kuomba, nyumba ipumzike. Akaenda Machakos, akakaa zaidi ya mwezi. Aliporudi mlango ulifunguka kwa kidole. Watu wa kanisa wakaimba. Haukukaa sana, ukakwama tena.

"Hapo nikajua," akasema.

"Ukajua nini?"

"Muinde alikuwa dereva wa lori, akibeba nyanya kutoka Loitokitok. Maisha yake amelala barabarani. Akiwa nyumbani, mlango huo lazima aufunge yeye, halafu aujaribu na bega. Mimi nikifunga anarudia. Sasa nikiwa ndani, anafunga. Nikiondoka, anaachilia." Akapangusa vumbi kwenye kitasa na upindo wa leso. "Mimi siogopi. Nalala vizuri."

"Ko!" ukuta ukasema.

Mutua alitoka nje, akasimama kando ya gari lake.

Nilidhani ni tangi linavuja, nikaenda kuliangalia. Lilikuwa kavu. Nikadhani ni shimo la choo, lakini liko upande wa mbele, mbali. Nikafanya kile ninachofanya nisipojua. Nilikata kipande chembamba cha kioo, nikakilaza juu ya ufa, nikakishika na plasta ncha zote mbili. Vijana, shikeni hii kazi, haina gharama. Plasta ikishikana, ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinavunjika. Ukuta wenyewe unaweza kukudanganya kwa miaka. Kioo hakiwezi.

"Kikivunjika?" Mutua akauliza.

"Nyumba bado inatembea."

"Basi tukubaliane hapa, mum akisikia. Kikikaa kizima mpaka mvua inyeshe, unabaki, mum. Kikivunjika, unahama."

"Sawa," Mama Mutheu akasema. "Lakini baba yako akikivunja, atakuwa na sababu yake."

Hakikumaliza wiki mbili. Mama Mutheu alinipigia mwenyewe, sauti yake imetulia: "Baba Ndinda, kimepasuka katikati. Nilikuwa naosha vyombo."

Nilirudi. Nilipofika hakuniona. Alikuwa ametoka na beseni la maji ya vyombo, anayamwaga kwa yale maua, kidogo kidogo, akizungumza. Alikuwa anamweleza mzee habari za vitunguu vya Kimana, kwamba vimekauka mashambani na bei imepaa. Akamaliza, akainama, akang'oa jani moja la manjano, akaondoka.

"Unamwagilia kila siku?" nikamuuliza.

"Asubuhi na jioni. Ya kuoga nilipunguza. Yake sikupunguza."

"Ulipokuwa Machakos, nani alimwagilia?"

"Nani tena? Nilirudi nikakuta maua yamelala, karibu yafe."

Nikatazama beseni lake, kisha nikatazama ule ukuta.

Nilimpigia Parsaloi. Aliniambia, "Usimwambie mama kitu mpaka uchimbe. Ukikosea hapo utakuwa umemnyang'anya mzee wake bure." Ni ushauri mzuri, ingawa baadaye aliongeza kwamba mimi na yeye tumezeeka vya kutosha, tusianze kugombana na marehemu.

Mutua naye, kabla ya kumhamisha mama yake, alikuwa ameshaita injinia, msichana anaitwa Naserian, kwao ni Kajiado. Nilidhani atanidharau. Hakunidharau. Aliniuliza nimeona nini, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba tuchimbe shimo kwenye kila kona ya nyumba.

Kwenye kona tatu tulikuta udongo umekauka, mgumu kama tofali, umekatika vipande. Chini ya msingi kulikuwa na nafasi. Ardhi ilikuwa imejiondoa, imeacha nyumba ikining'inia. Niliingiza kiganja hapo, na hewa ikanipulizia vidole, hewa ya baridi, sijui ilikotoka. Nikatoa mkono haraka. Kwenye kona ya nne, ile ya kaburi, udongo ulikuwa mbichi, unang'aa kama sabuni. Naserian akabonyeza na kidole gumba, kikazama.

"Kona hii imeinuliwa," nikasema.

"Imepanda kidogo tu, baba," akasema. "Zaidi ni zile tatu zimeshuka. Hii ndiyo imebaki pale nyumba ilipokuwa zamani." Nilikuwa nimeliona jambo kichwa chini, na sioni aibu kuandika hivyo. Akaendelea: "Udongo ukikauka una nguvu ya kubeba, ingawa unasinyaa. Ukilowa unavimba, halafu unakuwa laini. Nyumba ingeweza kuvumilia hiki ama kile. Taabu ni kukaa juu ya vyote viwili kwa pamoja."

"Basi aache kumwagilia, imekwisha," Mutua akasema.

"Akiacha sasa, kona hii nayo inashuka, na hatujui itasimama wapi. Mlango utaachilia, kweli. Lakini ukuta unaweza kupasuka pengine."

Hatukujua Mama Mutheu amesimama dirishani. "Mnasema mlango wangu anaufunga nani?" akauliza.

Mutua aliangalia viatu vyake. Naserian akaniangalia mimi. Nikasema, "Mama Mutheu, mlango unafungwa na maji."

"Maji gani?"

"Yale unayompa mzee."

Mbali kulikuwa na kengele ya ng'ombe mmoja, inalia taratibu kama anayetembea amechoka.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Najifungia mwenyewe."

"Ni wewe na udongo."

Sijui kama nilifanya vizuri kumwambia hivyo. Mchungaji aliniambia baadaye kwamba yeye angetafuta maneno laini zaidi, na nakubali angeyapata. Pia ni haki niseme kwamba mchungaji ndiye aliyemtoa nyumbani, na bila hiyo safari nisingefumbua kitu.

Mama Mutheu alifunga dirisha. Tukadhani amekasirika. Akatoka kwa mlango wa nyuma na beseni tupu mkononi.

"Siwezi kumnyima," akasema. "Msiniombe hilo. Lakini wewe msichana, niambie. Na nikiwapa wote? Nikizunguka?"

Naserian alifikiri, akasema ndiyo, inawezekana, kama ni kidogo kidogo na kwa usawa. Tulichimba mtaro mwembamba kuzunguka nyumba yote na mwingine upande wa miguu ya kaburi, tukajaza kokoto ili maji yazame polepole yasisimame. Kona kavu zipewe kila siku, ile mbichi ipewe kiasi cha maua tu. Mutua alipandisha sauti: "Watu wanazika ng'ombe na sisi tunanywesha ukuta!" Alikuwa na haki, na hakuna aliyembishia. Tukakubaliana ni maji yaliyotumika tu, ya vyombo na ya nguo, na yeye akawa anatuma gari la maji mara moja moja, bila kusema ni yeye. Nikabandika kioo kipya. Mapatano yakabaki yale yale.

Siku zilizofuata ndizo zilizonitisha zaidi. Nyumba ilikuwa inarudi juu. Nilipokwenda kuangalia, tulikaa sebuleni tukisikiliza chini ya sakafu kitu kikijigeuza, kizito, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia. Siafu walitoka kwa ufa wa sakafu, msafara mrefu, wakavuka chumba na kutoka mlangoni, wakihama. Mama Mutheu aliwainulia mkeka wapite.

Siku moja akanipigia: "Kuna mstari kwenye kioo!" Nikachukua bodaboda, nikafika nikitweta, nikavaa miwani. Ulikuwa uzi wa buibui. Alicheka mpaka akalia. "Nilidhani ni wewe tu unaogopa, Baba Ndinda. Kumbe nami!"

Hapo ndipo nilijua kwamba sasa anataka nyumba isimame, na si mlango ufungwe.

Mvua ilikuja. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mbuga yote ilinuka udongo. Mutua alifika mapema, viatu vimeota viatu vingine. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa kioo, akakipitishia kidole kutoka ncha moja hadi nyingine. Akarudia kwa ukucha. Kilikuwa kizima. Akatoka kwenye veranda, akapiga simu, tukamsikia akisema, "Hapana. Samahani. Mama anakaa." Kisha akabaki huko nje akitazama mvua, na mabega yake yakashuka.

Mama Mutheu alishika mlango wa chumba cha kulala. Ukafunguka kwa kidole. Akaufunga, ukafunga. Akaufungua tena, akausogeza huku na huku, mwepesi, hausemi kitu. Alisimama hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hakuna anayeshika," akasema.

Halafu akaniambia, "Umekuja na ile pimamaji yako?"

Nilikuwa nayo. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Tukatoka, yeye na mimi, tukasimama kwenye kaburi. Kichwa cha bamba kilikuwa kimeshuka, au miguu imepanda, mnajua sasa kwamba siwezi kusema ni lipi. Nikapangusa simiti kwa kofia, nikailaza pimamaji juu yake, nikachuchumaa kutazama lile tone la hewa ndani ya kioo chake. Lilitulia kati ya mistari miwili.

"Amelala?" akauliza.

"Amelala, Mama Mutheu."

Akaitika kwa kichwa, akainua beseni lake, akaanza kuzunguka nyumba. Nikamwambia leo Mungu amemfanyia kazi, hakuna haja. Akasema anajua, anazunguka tu.

Mimi nilibaki nimechuchumaa. Na kwa vile niliahidi kusema ninachojua na ninachodhani, niseme na hili. Aliponipa mgongo, lile tone lilisogea. Kidogo, kuelekea upande wa nyumba, kisha likarudi katikati. Nadhani ni mkono wangu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni.

Niliichukua pimamaji, nikaipangusa, nikaenda kumsaidia beseni.